Krismasi, Nyasi na Kidumu cha Petroli

Desemba ikifika, Himo Njia Panda hapatoshi. Magari kutoka Dar na Arusha yanakata kona kupandisha Marangu na Rombo, watu wanakwenda nyumbani kula sikukuu. Kwenye buti, pembeni ya mchele na nguo za watoto, mara nyingi kuna kidumu cha petroli. Ni ya mashine ya kufyekea nyasi, maana uwanja umegeuka pori na wageni wanakuja.

Hapa ndipo wapendanao wengi wanapojisahau. Baba anafyeka, mafuta yanakatika, na anataka kumaliza kabla ndafu haijaiva. Mama analeta kidumu mbio mbio. Mashine imezimwa sasa hivi tu, injini bado ya moto. Jamani! Mvuke wa petroli ndio unaoshika moto, nao ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini kimya kimya hadi kwenye jiko la mkaa, na unatoka hata kwenye baridi ya Marangu. Pale Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la petroli lililipuka na kuua watu zaidi ya 100. Mafuta haya hayana utani.

Basi wewe na mwenzi wako, mwaka huu fanyeni hivi:

• Zimeni mashine na kuiacha ipoe, walau dakika 10.

• Jazeni nje, mashine ikiwa chini, mbali na jiko, sigara na watoto. Tumieni faneli na msijaze hadi juu kabisa.

• Mafuta yakimwagikia mashine, futeni. Yakimwagikia nguo, badilisheni kwanza.

• Fungeni kidumu, sogeeni mita 3 kutoka mlipojazia, ndipo muwashe.

• Petroli isikae kwenye chupa ya maji ya kunywa. Mtoto akiinywa, msimtapishe, mkimbizeni hospitali.

• Moto ukiwaka, msimwage maji, yanausambaza. Tumieni mchanga au kizimamoto cha unga, na kama umewashinda, ondokeni na kupiga 114, Zimamoto.

Zile dakika 10 wengi huziona ni kupoteza muda. Mpelekee mwenzio maji ya kunywa, kaeni kivulini, mpige stori. Anayekuambia "subiri kwanza ipoe" anakupenda kuliko anayekuharakisha. Ndafu haikimbii, na mbege inawasubiri.