Umezima Swichi, Lakini Je, Umeme Umetoka?



Najua wengi mlitegemea makala nyingine kuhusu viza na ada. Hayo yapo na yatakuwepo. Leo naomba niongelee kitu kidogo, cha bei ndogo kuliko nauli ya basi, ambacho sisi tunaosoma uhandisi huku Uingereza tunakidharau. Ni rezista ya kumwaga chaji, ile inayofungwa sambamba na kapasita kubwa ya pawa saplai ili mashine ikizimwa, umeme uliobaki ndani upate pa kwenda.

Nianze na aibu yetu wenyewe. Tulikuwa tunafufua amplifaya ya zamani ya valvu kwa ajili ya usiku wa utamaduni. Tukachomoa valvu zote, tukawasha pawa saplai peke yake, tukapima: volti 400. Safi kabisa! Tukazima, tukachomoa plagi ukutani, tukaenda kuchemsha chai. Tuliporudi, jamaa yetu mmoja akaingiza mkono kusogeza waya. Tulisikia kelele tu, mkono ukaruka, ukachanika kwenye bati. Plagi ilikuwa sakafuni, jamani. Tulicheka kidogo, kisha tukanyamaza, maana mwenzetu alishindwa hata kushika kikombe.

Umeme ulitoka wapi? Kapasita ni kama tenki la maji. Kufunga bomba la mtaa hakumwagi maji yaliyokwisha kuingia. Valvu zikiwa mahali pake na zina moto, ndizo zinazonyonya chaji hiyo. Zikichomolewa, hakuna wa kuinyonya. Kapasita yetu ilikuwa ya mikrofaradi 100. Kwa volti 400 inashika juli 8 za nishati, na volti 400 za moja kwa moja zinaweza kuua, hasa zikipita kifuani toka mkono mmoja hadi mwingine.

Sasa dawa yake. Tulichukua rezista mbili za kilo-omu 47, tukazifunga mfululizo, jumla kilo-omu 94. Kwa nini mbili? Kwa sababu rezista nyingi ndogo hazikutengenezwa kubeba volti 400 peke yake. Zikiwa mbili, kila moja inabeba 200. Mkondo unaopita ni kama miliampea 4.3, na kila rezista inatoa joto la wati 0.85. Usinunue ya wati moja ukasema inatosha, itaungua taratibu. Chukua ya wati 2 au 3 ipumue. Kuhusu muda, zidisha omu kwa faradi: unapata sekunde 9.4. Baada ya kama sekunde 20 volti zimeshuka hadi 50, na baada ya mara tano ya muda huo, yaani sekunde 47, zimebaki kama 3 tu. Ukitaka haraka zaidi punguza omu, lakini ujue joto litaongezeka. Hapo ndipo pa kupiga hesabu.

Kufunga nako kuna adabu yake. Rezista ikae moja kwa moja kwenye miguu ya kapasita, sio baada ya swichi wala baada ya fyuzi. Fyuzi ikikatika na rezista iko upande wa pili, umebaki na tenki lililojaa. Pinda miguu yake ishike kabla ya kutia risasi, na uiweke mbali na mwili wa kapasita, maana joto linaikausha na kuifupishia maisha.

Najua wapo watakaopinga. Wa kwanza atasema inakula umeme bure. Ndugu yangu, ni wati 1.7 kwenye mashine inayokula wati zaidi ya mia! Wa pili atasema mafundi wa nyumbani wanagusisha bisibisi, cheche inaruka, kazi inaendelea. Mimi nawaheshimu sana mafundi wale, wametengeneza redio zetu kwa vifaa ambavyo maabara za huku zingetupa. Lakini bisibisi inatoboa miguu ya kapasita na inaweza kuiharibu, na ukiiondoa mapema volti fulani hurudi polepole zenyewe. Fundi anatumia bisibisi kwa sababu aliyeunda mashine hakumwekea njia nyingine. Lawama ni ya muundaji.

Na hapo ndipo hoja yangu ilipo. Sisi ndio tunaojiandaa kuwa waundaji. Vitu vingi tunavyounda au kununua mitumba huku vinaishia kwenye kontena kwenda Mombasa au Dar es Salaam. Siku moja vitafunguliwa na mdogo wako mwenye hamu ya kujua, au na kijana anayejifunza kazi kwa fundi mtaani. Yeye hana mchoro wala hakukuona ukiunda. Atachomoa plagi, ataamini yuko salama. Rezista mbili ulizofunga ndizo zitakazomlinda mtu ambaye hutamwona. Kama tunajisifu kuwa tunasoma ili tusaidie nyumbani, basi tuanzie hapo.

Ila nisieleweke vibaya: rezista nayo inaweza kukatika bila kukuambia. Kwa hiyo chomoa plagi, subiri dakika nzima, kisha weka mita kwenye volti za moja kwa moja, upime kwenye miguu ya kapasita, mkono mmoja ukiwa nyuma ya mgongo. Usiponipima mimi, pima kapasita. Haidanganyi.

Napendekeza kwa wenzangu wa uhandisi: kifaa chochote chenye volti za hatari kisipelekwe nyumbani wala kisiwashwe kwenye shughuli ya jumuiya kabla mtu wa pili hajaiona rezista hiyo kwa macho yake. Tahadhari kabla ya hatari. Naomba kuwasilisha.