Mkate Kabla ya Mahubiri

Kijana amemaliza chuo, huu ni mwaka wa tatu hana kazi, naye anamwuliza mzee wa kanisa: maisha haya yana maana gani? Mara nyingi tunamjibu mbio mbio kwamba imani yake ni haba, afunge na kuomba. Kisha tunatazama saa.

Tusome 1 Wafalme 19. Elia, ambaye sura moja tu nyuma aliomba moto ukashuka Karmeli, ameketi chini ya mretemu akitaka kufa. Mungu hakumkemea. Malaika alimgusa, akampa mkate na maji. Elia akala, akalala tena. Malaika akarudi na chakula mara ya pili. Mahubiri hakuna. Swali la Mungu lilimkuta Horebu, baada ya mwendo wa siku 40, na hata huko alilalamika mara mbili kwa maneno yale yale, akasikilizwa. Ndipo akapewa kazi, akapewa na mwenzake, Elisha.

Yule kijana wa benchi la nyuma, anayetoka kabla ya matangazo: leo nani atakwenda naye nyumbani wakale chakula cha mchana?