KISONONO HAKITIBIWI KWA SIRI

Ndugu wanaushirika,

Hapa Jangwani wako wenzetu ambao wakipata gono hawaendi zahanati. Wanakwenda zao Kariakoo, wananunua vidonge vya rangi mbili, wanameza viwili vitatu, maumivu yakitulia basi, vilivyobaki wanaweka akiba.

Mimi nasema hayo siyo matibabu, ni kumfundisha adui vita. Kijidudu cha kisonono kiligunduliwa na daktari Mjerumani, Albert Neisser, mwaka 1879. Penisilini ilipokuja ilikuwa inakiua upesi. Lakini mwaka 1976 vikaonekana vijidudu vyenye kuivunja penisilini yenyewe. Leo dawa nyingi za zamani hazikiwezi tena, na Shirika la Afya Duniani linashauri sindano ya seftriaksoni.

Tena wanawake wengi wanacho bila dalili yoyote. Bwana anajitibu kimyakimya, mama hana habari, kijidudu kinampanda mpaka kwenye mirija ya uzazi. Baadaye anaitwa tasa, na aliyekileta kanyamaza! Na akijifungua, mtoto anaweza kukipata machoni akapofuka.

Mtasema: nikimwambia mke wangu, nyumba itavunjika. Kweli, aibu ipo. Lakini aibu ni ya siku mbili, upofu wa mtoto ni wa maisha.

Basi ndugu, ukiugua mwambie mwenzio. Nendeni zahanati wote wawili, mpimwe, mtibiwe pamoja, na dawa mliyopewa muimalize. Wazee walishasema: mficha uchi hazai.

Ni mimi mwanaushirika mwenzenu.