Faili Asilolisoma Daktari
Nchini Marekani, sheria ya 1986 inawakinga na kesi za fidia madaktari wanaokagua kazi ya mwenzao, mradi apewe taarifa na nafasi ya kujitetea. Lakini ajitetee vipi dhidi ya faili la tuhuma asiloonyeshwa? Akizuiwa kutibu kwa zaidi ya siku 30 kwa sababu ya uwezo au mwenendo wake, hospitali humripoti kwenye hifadhidata ya taifa, na kila hospitali atakayoomba kibali lazima iiulize. Wakaguzi wataogopa kusema kweli, wanasema wanaopinga daktari kuonyeshwa faili hilo. Sawa, basi yafutwe majina ya walioandika, tuhuma ibaki ikisomeka. Na mkaguzi huwa mshindani pia: katika kesi ya Patrick dhidi ya Burget, 1988, waliomchongea Patrick, daktari wa upasuaji wa Astoria, Oregon, walikuwa madaktari wa kliniki aliyokataa ubia nayo.