Makanyagio na haki ya njia: lami peke yake haiufanyi mtaa kuwa mji

Kata ya Makanyagio ni miongoni mwa kata za Manispaa ya Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi. Mkoa wenyewe bado mchanga, kwani ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604 katika Katavi yote. Sensa ya 2022 ikakuta watu 1,152,958. Ndani ya miaka kumi mkoa umezidi mara mbili, na Manispaa ya Mpanda nayo imetoka watu laki moja na ushei hadi kukaribia laki mbili na nusu.

Watu hawa wote wanataka viwanja. Na kila kiwanja kinapozungushiwa ukuta, huwa kimeshaamuliwa watu watapita wapi kwa miaka hamsini ijayo. Ndiyo maana, ndugu msomaji, swali la nini hasa kinaufanya mtaa uwe mji si la wataalamu wa mipango miji peke yao. Linamhusu mama anayebeba ndoo, mzee anayekwenda msikitini alfajiri na mtoto wa darasa la kwanza.

Ukiuliza watu, wengi watakujibu: lami. Hatuipingi lami. Lakini lami inaweza kuja hata baada ya miaka ishirini, ilhali njia iliyozibwa kwa ukuta na kupewa hati hairudi. Kinachotangulia ni njia yenyewe kuwepo.

Mji uliofikiwa, je, unapitika?

Habari ya Mpanda kwa muda mrefu imekuwa habari ya kufikika. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilijenga reli ya tawi kutoka Kaliua kwa ajili ya madini ya risasi. Miaka mingi baadaye ikaja lami kuelekea Sumbawanga, na mwaka 2022 barabara ya lami ya Tabora hadi Mpanda ikazinduliwa. Leo mtu wa Katavi anasafiri kwa namna ambayo wazee wake hawakuiota, na hiyo ni neema ya kushukuriwa.

Lakini barabara kuu humfikisha mtu stendi. Kutoka hapo hadi mlangoni kwake ni habari nyingine. Makanyagio, kwa masikio ya Mswahili, ni jina linalotukumbusha kukanyaga, na wakazi wengi wa kata za aina hii hawana gari. Safari zao nyingi ni za miguu: sokoni, bombani, shuleni, zahanati, msikitini. Mtaa ukiwapa shida watembea kwa miguu, umewapa shida wakazi wake wenyewe.

Mtembea kwa miguu anahitaji nini?

La kwanza ni ukaribu. Mtu mzima hutembea kama kilomita moja kwa dakika kumi na mbili hadi kumi na tano. Ikiwa ndani ya umbali huo anapata genge, duka la dawa, fundi, shule ya msingi na mahali pa kuswali, huyo anaishi mjini hata kama nyumba yake ni ya matofali ya kuchoma. Akikosa hivyo, anaishi kwenye bweni lililo mbali na mji. Tuseme analipa bodaboda shilingi 1,000 kwenda na 1,000 kurudi. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 52,000 kila mwezi, fedha ambazo zingeweza kuwa ada au unga wa familia.

Ndiyo maana si vyema mtaa mzima upangwe kuwa wa nyumba za kulala tu, wenye viwanja vikubwa vya ujazo wa chini. Viwanja vya ujazo wa juu na vile vya makazi na biashara, vyenye fremu mbili tatu kwa mbele, ndivyo vinavyoleta huduma karibu na miguu.

La pili ni njia za mkato. Bomba linaweza kuwa mita 80 kutoka mlangoni kwa kuangalia kwa macho, lakini ikiwa ukuta mrefu umekaa katikati, safari inakuwa mita 400. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Kuzungushwa huku ni mzigo ambao mwenye ukuta hauoni, na aliyebeba ndoo anausikia shingoni kila siku. Ndiyo sababu mitaa mifupi yenye kona nyingi na vichochoro vilivyo wazi hupitika kuliko mitaa mirefu yenye barabara pana.

La tatu ni kuvuka salama na kupita mvua ikinyesha. Katika miji yetu mingi barabara hupanuliwa, mitaro ikachimbwa kina kirefu bila vifuniko, kisha kila nyumba ikajitengenezea daraja la mbao. Gari linapita kwa raha, na bibi kizee anavuka kwa hofu. Mtaro usio na kivuko haujakamilika, na barabara ya mwendo kasi mbele ya shule bila tuta ni hatari tuliyoijenga wenyewe.

La nne ni kivuli. Kwa jua la Septemba na Oktoba, mwembe mmoja pembeni ya njia ni sehemu ya barabara kama kalavati lilivyo. Kuukata ili kupitisha mtaro, bila kupanda mwingine, ni kuwapunguzia watu njia.

Waliotangulia wanatufundisha nini?

Haya si mageni kwetu. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, umejengwa kwa ajili ya miguu. Nyumba zinatiliana kivuli, baraza zinawakalisha watu nje, na uchochoro mmoja unakutoa kwenye mwingine. Hata hivyo tusiuige wote, kwani gari la zimamoto linapata taabu kuingia humo.

Kariakoo ya Dar es Salaam ilipangwa tangu enzi za Wajerumani kwa mitaa iliyonyooka na viwanja vidogo. Mpango huo umebeba nyumba za Kiswahili, na leo unabeba maghorofa na biashara kubwa. Kariakoo inatufundisha pia upande wa pili: bidhaa zikipangwa mpaka ukingoni, mwenda kwa miguu husukumwa katikati ya magari. Mfanyabiashara ndiye anayeufanya mtaa uchangamke na uwe salama jioni, kwa hiyo dawa si kumfukuza. Dawa ni kumpa nafasi yake na kumwachia mpita njia ya kwake.

Mfano wa tatu ndio unaoihusu Mpanda zaidi. Katika miaka ya 1970 na 1980 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja na kutenga barabara kabla watu hawajajenga, kama ilivyokuwa Sinza na Kijitonyama. Sehemu nyingine, kama Manzese, miundombinu ilipelekwa baada ya watu kujaa. Utafiti wa Guy Michaels na wenzake uliochapishwa mwaka 2021 uliangalia miji saba ya Tanzania iliyoguswa na mradi huo, Tabora ikiwemo. Ulikuta kwamba miongo kadhaa baadaye, maeneo yaliyopimwa mapema yalikuwa na nyumba bora na mpangilio mzuri zaidi kuliko yale yaliyoboreshwa baada ya watu kujenga. Hata nyumba zikijengwa kidogo kidogo, mpangilio wa mwanzo unabaki.

Haki ya njia katika dini yetu

Suala hili lina hukumu zake. Katika hadithi ya Abu Hurayra (r.a.) iliyopokelewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ameelekeza kuwa watu wakihitalifiana kuhusu njia, upana wake uwe dhiraa saba, yaani zaidi kidogo ya mita tatu. Wanazuoni wameeleza kuwa makusudio ni njia iwatoshe wanaopita na mizigo yao. Kwa Abu Said al-Khudri (r.a.) tumepokea kuwa wanaokaa njiani wana wajibu wa kuipa njia haki yake, na mojawapo ni kuzuia adha kwa wapitao. Aidha, amekataza mtu kujisaidia katika njia ya watu au kivuli chao, akaviweka viwili hivyo pamoja.

Kwa hiyo anayesogeza ukuta wake mita moja kwenye njia ya umma asijidanganye kuwa ni werevu. Makemeo kwa anayechukua hata shibiri moja ya ardhi kwa dhulma ni makali mno katika hadithi ya Said bin Zayd (r.a.), na ardhi ya njia ni ya watu wote. Utamwomba nani msamaha, ikiwa uliowadhulumu ni kila aliyepita?

Huenda mtu akasema kuwa hatua za kwenda msikitini zina thawabu, basi umbali si neno. Ni kweli, Bani Salima waliotaka kuhamia karibu na msikiti waliambiwa kuwa hatua zao zinaandikwa. Lakini thawabu ya anayetembea haimpi mwingine ruhusa ya kumzibia njia.

Nini kifanyike sasa?

Sheria ya Ardhi ya 1999 inatambua haki ya njia ya umma, na imeweka utaratibu wa urasimishaji wa makazi. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka maendelezo yafuate mpango. Kazi iliyobaki ni ya wananchi kuhudhuria.

Mtaa wenu unapofanyiwa urasimishaji, msiende kuangalia mpaka wa kiwanja chako tu. Ombeni mchoro uwekwe wazi mkutanoni, kisha tembeeni na kamati na mpima ardhi katika kila njia inayotumika leo: ya bombani, ya shuleni, ya makaburini. Zote ziingie kwenye mchoro kabla bikoni hazijafukiwa na kabla hati hazijatoka. Mwenye kuombwa aachie mita moja na nusu kwa ajili ya uchochoro naye asikasirike, kwani njia hiyo hiyo ndiyo itakayopitisha jeneza lake na mgonjwa wake.

Misikiti nayo ianze na nafsi zake. Tusipanue uwanja wa msikiti kwa kumeza njia, na siku ya Ijumaa tusiegeshe pikipiki hadi jirani akakosa pa kutokea.

Mpanda bado ina nafasi ambayo miji mikubwa imeshaipoteza: sehemu nyingi bado ni vichaka na mashamba, na njia bado ni za kukanyagwa. Nafasi hiyo inapungua kwa kila ukuta unaopanda.

Wabillahi tawfiq.