i5 ya Mwaka Gani?

Wasee, mkienda Migori kununua laptopu ya mtumba, msiulize tu "ni i5?" Swali hilo lilinipotezea pesa. Nilirudi Ntimaru na i5 ya kizazi cha 4, najiona prodyusa, kumbe video ya dakika tano lazima niiache usiku kucha. Muuzaji hakunidanganya. Ilikuwa i5 kweli.

Shida ni kwamba kwa miaka mingi i5 za laptopu nyembamba zilikaa na kore 2 tu. Machi 2017 AMD wakaleta Ryzen. Agosti mwaka huo huo, Intel wakatoa i5-8250U, kore 4, jina lile lile i5. Mniambie ni bahati tu!

Ndio maana siwaelewi nyinyi mnaoshabikia kampuni moja kama ni Gor na Ingwe. AMD wakilala, Intel watakimbia wapi? Na kinyume chake.

Sasa, angalia namba inayofuata i5. Ikiwa 4300U, rudisha pesa mfukoni. Ikiwa 8250U, anza kupatana bei. Ukipata Ryzen ya bei hiyo, niambie kabla hujalipa, nikuje mbio.