Rangi ya ngozi ni ipi?

Hivi majuzi nilialikwa kulitazama somo la sanaa la Gredi ya 4 katika shule moja ya msingi mjini Kakamega. Kila mwanafunzi alitakiwa kuchora uso wa mwenzake wa dawati, kwa rangi tatu tu za maji: nyekundu, manjano na buluu. Mara msichana mmoja akaomba, kwa Kiingereza, kalamu ya "rangi ya ngozi". Alikusudia ile ya waridi hafifu. Jina hilo hakulibuni yeye. Katika kalamu za Crayola za Marekani rangi hiyo iliuzwa kwa jina la ngozi hadi mwaka wa 1962, ilipoitwa jina la tunda.

Mwalimu hakumpa. Aliwaambia wachanganye nyekundu na manjano wapate rangi ya machungwa, kisha watie buluu tone kwa tone hadi kahawia itokee, wailinganishe na shavu la jirani. Chini ya kidevu waongeze buluu, kwenye paji la uso manjano. Mvulana mmoja alimcheka mwenzake kwa kupaka kahawia nzito. Alipoambiwa apime karatasi na shavu lenyewe, alinyamaza. Kipindi kilipokwisha, hapakuwa na nyuso mbili za rangi moja.

Hata hivyo, kahawia zote hizo waliziita kwa neno moja la Kiingereza, maana kuanzia Gredi ya 4 sera hutaka Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia. Hapo ndipo mimi, nisiye mchoraji, nina la kusema.

Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyochukua viambishi vya ngeli: -eusi, -eupe na -ekundu. Brent Berlin na Paul Kay walidai mwaka wa 1969 kwamba hizo ndizo rangi ambazo lugha huzipa majina kwanza. Wapo wanaouona huo kuwa umaskini. Lakini rangi nyingine tumezitaja kwa vitu: kahawia kwa kahawa, zambarau kwa tunda, kijani kwa majani. Na kwa uso wa mtu tunasema maji ya kunde. Ni mtoto gani wa Kakamega asiyeijua kunde? Usemi huo unamweleza mchoraji mengi kuliko lile neno la Kiingereza, nao haukutamkwa darasani hata mara moja.

Sanaa ilidhoofika ilipoacha kutahiniwa katika KCPE. Mtaala wa umilisi umeirejesha, ingawa sasa inagawana kipindi na muziki na michezo, na wazazi wananung'unikia gharama ya vifaa. Rangi tatu si gharama kubwa. Maneno hayauzwi. Kwa hiyo nawaomba walimu: kabla ya istilahi ya Kiingereza, kila mtoto aandike nyuma ya picha jina aliloipa rangi yake, kwa Kiswahili, Kiwanga, Kiisukha au Kiidakho. Sisi wa vyuo vikuu tuje tuyakusanye majina hayo. Mimi niko tayari kuanza muhula ujao.